Wasomaji Mia Tatu wa Simu Moja

Jumatatu ile, saa tatu na dakika kumi asubuhi, simu ya Dada Kaunta ilianza kulia ikagoma kunyamaza. Ilikuwa juu ya kaunta, kati ya muhuri wa tarehe na kopo la kalamu, na kila ujumbe ulipoingia ilitetemeka na kusogea kidogo, ikasogea tena, mpaka ikafika ukingoni. Mfagizi aliidaka hewani kabla haijavunjika. Mfagizi huyu ni wifi yake, dada wa mumewe wa tumbo moja, na mdomo wake haujawahi kupumzika tangu siku ya harusi.

"Wifi, huyu mwanamume ana haraka gani? Mwambie kaka yangu bado yu hai."

"Lete simu hapa, mdomo huo."

"Arobaini na mbili! Arobaini na tatu! Hata kaka yangu alipokuwa anakuchumbia hakuhangaika hivi."

Wasomaji wa meza ya magazeti wakacheka. Dada Kaunta naye akacheka, maana hakuwa mtu wa kukaa na kinyongo, akavaa miwani na kusoma ujumbe wa kwanza. Kicheko kikamkauka hapo hapo.

"Ndugu msomaji mwenye kadi namba 0118. Makao makuu yanahakiki matawi ya maktaba. Kama bado unatumia tawi lako, jibu NDIYO kabla ya Jumatatu ijayo saa sita mchana. Tawi litakalopata majibu chini ya mia mbili litafungwa."

Ujumbe wa pili ulikuwa huo huo, kadi 0121. Wa tatu, kadi 0126. Akashuka nao kwa kidole, akashuka, akashuka, na simu bado inaleta mingine. Ilipokuja kutulia ilikuwa imepata joto kama pasi, na ndani yake kulikuwa na ujumbe mia tatu na kumi na mmoja.

Sasa, ili mambo yaeleweke, lazima turudi nyuma miaka mitatu.

Tawi lenyewe lilikuwa ukumbi mmoja ghorofani, juu ya safu ya mafundi. Chini wanachomelea vyuma, wanashona, wanatengeneza saa na redio. Juu kuna meza ndefu nane, rafu kumi na tisa, feni tatu zinazozungusha joto lile lile, na kaunta ya mbao iliyolainika kwa viwiko vya watu. Dada Kaunta alikaa nyuma yake miaka kumi na tisa. Jina hilo alipewa na wasomaji, likamganda, hadi wazee wanaoweza kumzaa mara mbili walimwita dada. Alijua nani anasoma nini na kwa nini. Akiona mwanamke anaazima kitabu cha sheria za ndoa mara ya pili, alimvutia kiti na kumuuliza taratibu, "Nyumbani kwema?" Na akishaambiwa, haikuvuka kaunta. Yale mengine, nani kamposa nani, nani kahama bila kuaga, hayo aliyagawa bure kwa yeyote aliyepanda ngazi.

Miaka mitatu iliyopita makao makuu yalileta kompyuta na amri: daftari zote za wasomaji ziingizwe kwenye mfumo ndani ya juma moja. Fomu ya mfumo ilikuwa na kisanduku cha namba ya simu, na kisanduku kile kikiachwa wazi, fomu ilikataa katakata kuhifadhiwa. Na wasomaji wa tawi lile, jamani! Mmoja hana simu. Wa pili anayo, ila laini si yake. Wa tatu kabadilisha laini mara nne mwaka ule ule. Fundi saa, yule mzee mwenye kioo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni kama hirizi, alisema yeye na simu ni mahasimu, zimemnyang'anya wateja.

Dada Kaunta akamwendea mkutubi, msimamizi wa tawi, mtu mpole anayetembea kama anaogopa kuiamsha sakafu. "Bosi, fomu inadai namba na watu hawana. Nifanyeje?"

Mkutubi hakuinua hata kichwa. "Jaza yoyote, dada, tumalize."

Yoyote? Dada Kaunta alilitafakari hilo. Ukijaza yoyote, ujumbe unakwenda kwa mtu baki. Basi kwa nini asijaze yake? Ujumbe ukija kwake, yeye si atawafikishia? Anawajua wote, na koo analo. Akajaza yake, mara mia tatu na kumi na moja, na usiku akalala usingizi wa mtu aliyetenda jambo jema.

Na kweli mambo yalikwenda. Mfumo ulituma, "Kadi 0240, kitabu chako kimebakiza siku mbili," naye akachungulia dirishani na kupaza sauti hadi mafundi wanazima mashine:

"Fundi saa! Kitabu chako!"

"Nimekisikia, dada! Na mji mzima umekisikia!"

"Basi kilete, au nitaje na jina lake?"

"Usitaje! Nakuja!"

Miaka mitatu ikapita hivyo. Makao makuu walidhani mfumo unaongea na wasomaji. Aliyekuwa anaongea ni Dada Kaunta.

Tuirudie Jumatatu yetu. Alikaa chini, akapiga moyo konde, akajibu ujumbe wa kwanza: NDIYO. Jibu likarudi, "Asante. Jibu lako limepokelewa." Akashusha pumzi. Akajibu wa pili. "Namba hii imeshajibu." Akajibu wa tatu. "Namba hii imeshajibu."

"Wifi," alisema kwa sauti ndogo ambayo mfagizi hakuwahi kuisikia kwake, "njoo ukae hapa."

Walihesabu pamoja. Wasomaji wenye namba zao wenyewe hawakufika tisini, wengi wao wafanyabiashara wasiofungua ujumbe usio na faida. Hata wakijibu wote, tawi halifiki nusu ya mia mbili.

Mkutubi alipoambiwa, aliosha mikono yake pasipo maji. "Piga simu kwa watu wa mfumo," alisema, kisha akafunga mlango wa ofisi yake taratibu.

Simu ilipokelewa na binti mwenye sauti ya kupendeza, ya mtu ambaye hajawahi kupigiwa kelele. Akaeleza kwamba msomaji anaweza kubadilisha namba yake wakati wowote. Mfumo utatuma tarakimu sita kwenye namba ya zamani, msomaji azitaje, namba mpya iingie, kisha ajibu NDIYO kwa namba hiyo mpya.

"Tarakimu zinakuja kwenye namba ya zamani?" Dada Kaunta aliuliza.

"Ndiyo, mama. Kwa usalama."

Namba ya zamani ni yake! Alikata simu akaruka. Alimkumbatia wifi yake na ufagio wake, akakimbilia dirishani.

"Nyie! Kila mwenye kadi apande juu! Aje na namba ya simu! Kama huna, ya mwanao, ya jirani, ya adui yako, mradi ilie!"

Hapo ndipo ungependa kuuona ukumbi ule. Jumatatu mchana, Jumanne kutwa, Jumatano asubuhi, ngazi zilijaa watu kama kuna harusi. Mafundi walipanda na mafuta mikononi. Mkunga mstaafu, aliyewazalisha nusu ya waliokuwa kwenye foleni, alikuja na kijitabu cha namba lakini akagoma kusoma.

"Hii ni ya mkwe wangu. Namba ya mkwe haitolewi hovyo."

"Bibi, tunaitaka dakika moja tu!"

"Dakika moja yatosha kuvunja heshima. Andika ya mdogo wangu. Yeye hana heshima."

Watu wakavunjika mbavu. Yule mpagazi wa sokoni wanayemwita Wakili, kwa sababu amesoma rafu nzima ya sheria bila kukanyaga chuo, alijipa kazi ya kupanga foleni na kutatua migogoro. Hakuwahi kuwa na kadi hadi Dada Kaunta alipomdhamini mwenyewe, na jioni nyingi alimwacha asome hadi yeye amalize kufunga madirisha. "Mheshimiwa dada," alikuwa anasema kila baada ya muda, "shauri letu linakwenda vizuri."

Na lilikuwa linakwenda. Dada Kaunta anasoma tarakimu sita kutoka simu yake, anaziandika kwenye kompyuta, namba mpya inaingia, mtu anampigia mwanawe na kumfokea ajibu NDIYO sasa hivi. Wifi mtu anaweka alama kwa chaki nyuma ya mlango. Hamsini na tano. Hamsini na sita. Hata mkutubi alitoa kichwa nje ya ofisi na kutabasamu.

Walipofika wa hamsini na nane, tarakimu hazikuja. Kikaja kitu kingine, na Dada Kaunta alikisoma kimoyomoyo kwanza, kisha kwa sauti, kwa sababu watu walikuwa wanamsubiri.

"Namba hii imezuiwa kwa siku saba kwa kushukiwa kufanya udanganyifu."

Alimpigia binti wa mfumo. Safari hii binti alikuwa na haraka kidogo. Namba moja ikiomba kubadilishwa mara nyingi mno, mfumo unajifunga wenyewe. Hapana, yeye hawezi kuufungua. Hapana, hajui nani anaweza. Siku saba, mama.

"Lakini siku saba ni Jumatano ijayo. Sisi mwisho wetu Jumatatu."

"Pole, mama. Kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia?"

Watu walishuka ngazi bila makelele. Majibu yalikuwa mia moja na mawili, likiwemo lile lake, na hayakuongezeka.

Mwingine angeishia hapo. Alhamisi Dada Kaunta alitoa daftari jipya la kurasa ngumu, akapiga mistari kwa rula, na kuzunguka nalo mwenyewe: karakana kwa karakana, mlango kwa mlango, jina, namba ya kadi, sahihi, na asiyejua kuandika vizuri akabandika kidole. Miguu ilimvimba hadi viatu vikakataa kuvulika. Ijumaa asubuhi alikuwa na majina mia mbili na arobaini na mawili. Alilivika daftari jalada la nailoni, akavaa nguo zake za kwenda kwa watu, na yeye na mkutubi wakaenda makao makuu.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, Dada Kaunta angejua pa kumshika. Aliwakaribisha, akawapa maji, akawaonyesha skrini kubwa ukutani yenye matawi yote, kila moja na mstari wake wa rangi. Mstari wa tawi lao ulikuwa mfupi na mwekundu.

"Kuna jambo nataka mnisaidie kulielewa," alisema. Akabofya. "Tawi lenu lina msomaji mmoja mwenye kadi mia mbili hamsini na nne. Ameazima vitabu elfu nne na mia sita kwa miaka mitatu. Hivi sasa anavyo vitabu mia moja themanini na nane nyumbani kwake. Huyu ni nani?"

"Ni mimi," alisema Dada Kaunta. "Lakini si mimi, mheshimiwa. Ni watu. Nimekuja nao." Akaliweka daftari mezani.

Alieleza yote, tangu kisanduku kilichokataa kuachwa wazi. Alieleza vizuri, bila kulia, bila kutia chumvi, ingawa chumvi ndiyo kawaida yake. Mkurugenzi alisikiliza huku anafungua kurasa moja moja na kutazama vidole vya wino. Mwisho alimgeukia mkutubi.

"Wewe ulijua kuhusu hili?"

Mkutubi alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu. Alitazama glasi yake ya maji.

"Hapana, mheshimiwa. Ndiyo kwanza nasikia."

Dada Kaunta alimgeukia polepole. "Bosi. Si nilikuja ofisini kwako? Si uliniambia nijaze yoyote?"

"Sikumbuki, dada."

"Hukumbuki, au hutaki?"

Mkutubi aliizungusha glasi yake mezani. Dada Kaunta alikuwa na maneno ya miaka kumi na tisa ya kumpa, akayaacha. Angemwambia nini? Yule hakuwa anamchukia. Alikuwa anaogopa tu, kama alivyoogopa sakafu siku zote.

Mkurugenzi alifunga daftari na kulisukuma kwake kwa heshima, kwa mikono miwili. "Mama, mimi nakuamini. Lakini hii karatasi sina pa kuiingiza. Bodi inaona kilichomo kwenye mfumo, na kwenye mfumo watu wako hawamo. Uliwatoa wewe mwenyewe bila kujua."

"Waje basi wawaone kwa macho! Waje hata kesho, watu watajaa mpaka barabarani!"

"Matawi ni mia na kitu, mama. Hawawezi kwenda kila mahali kuhesabu watu. Ndiyo maana tukaweka mfumo."

Jumatatu saa sita mchana ilifika ikapita. Jumanne barua mbili zilikuja. Ya kwanza ililifunga tawi, na kusema kwamba wasomaji wote watajulishwa kwa ujumbe wa simu, na kwamba ni marufuku kubandika tangazo lolote la karatasi mlangoni, maana matangazo ya karatasi yalishakomeshwa. Ya pili ilimsimamisha Dada Kaunta kazi hadi uchunguzi ukamilike, na kumtaka arejeshe vitabu mia moja themanini na nane vilivyo kwenye namba yake kabla mwezi haujaisha. Mkutubi alihamishiwa makao makuu amalizie miezi yake. Aliondoka bila kuaga, na kwa mtu mwenye hatua kama zake, hakuna aliyesikia.

Kwenye namba ya Dada Kaunta ujumbe wa kufungwa haukuingia, kwa kuwa ilikuwa bado imezuiwa. Kwa hiyo Jumatano watu walipanda ngazi kama kawaida na kukuta kufuli. Alikuwa amekaa pale juu kabisa, ngazi ya mwisho, na wifi yake pembeni, akimweleza mmoja mmoja. Alieleza tangu asubuhi hadi sauti ikakwaruza. Mwanzoni walimpa pole. Mkunga mstaafu alimshika mkono muda mrefu.

Ila maneno nayo yana miguu, na hayo Dada Kaunta aliyafahamu kuliko mtu yeyote, kwa vile mengi aliyatembeza mwenyewe. Ilianza kwa mfanyabiashara mmoja aliyesikia kwa shemeji yake wa makao makuu. Kufika Ijumaa, chini kwa mafundi, ilikuwa imekomaa. Vitabu elfu nne, kwa jina la mtu mmoja. Vilikwenda wapi? Na namba za watoto wetu alizozikusanya zile siku tatu, alikuwa anazipeleka wapi? Na vidole vyetu kwenye daftari?

"Wanasema ulikuwa unaviuza vitabu," wifi alimwambia, akitazama chini. Hakutania.

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nimesafisha nyumba yako, wifi. Kuna vitabu viwili, na kimoja ni cha maombi." Akakunja upindo wa kanga yake. "Lakini kaka anauliza."

"Kaka yako anauliza nini?"

"Anauliza tu."

Jumamosi Dada Kaunta alipita karakana kwa karakana tena, safari hii akiomba vitabu. Hakupewa hata kimoja. Watu hawakumtukana. Walisema wamevisahau nyumbani, watatafuta, watoto wamevificha. Fundi wa kuchomelea alishusha kinyago chake usoni na kuendelea kuchomelea kitu ambacho kilikuwa kimeshamalizika.

Jumatatu alirudi kukaa ngazini, kwa kukosa pengine pa kukaa. Saa nne fundi saa alipanda, kitabu kikiwa kimefungwa kwenye gazeti. Dada Kaunta akasogea kumpa nafasi ya kukaa.

"Karibu, fundi wangu. Nilijua wewe hutaniangusha."

Mzee hakuketi. Alikuwa anapumua kwa shida, na kioo chake cha shingoni kilipanda na kushuka. "Nimekileta. Ila niandikie kwamba umekipokea."

"Nikuandikie?"

"Jina la kitabu, tarehe, sahihi yako. Na shahidi."

"Fundi, miaka kumi na tisa nakuazima vitabu. Umewahi kuniomba maandishi?"

"Sikuwahi." Alikuwa anatazama ukuta. "Wakili ametushauri. Amesema asikupe mtu kitabu bila maandishi, kisije kikapotea wakaja kutudai sisi. Amesema sheria ndivyo ilivyo."

"Wakili amesema hivyo?"

"Amesema hana ubaya na wewe."

Dada Kaunta alitaka kucheka, na pengine angecheka kama mtu mwingine angecheka naye. Wifi yake alikuwa anakuna kucha. Basi akachana karatasi kutoka nyuma ya lile daftari la sahihi, akaiweka gotini, akaandika jina la kitabu, tarehe, na kwamba amekipokea kikiwa kizima. Akatia sahihi. Wifi akatia yake chini, shahidi. Mzee alishusha kioo jichoni, akaisoma karatasi polepole, mstari kwa mstari, kama anavyokagua saa aliyoletewa na mtu asiyemjua. Kisha akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Haya, dada," alisema, akaanza kushuka.

Alishuka kwa kujibanza ukutani, kwa sababu ngazi zilikuwa zimejaa. Kuanzia pale juu hadi chini kwa mafundi watu walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na kitabu chake kwapani.

"Wa pili," alisema Dada Kaunta, akachana karatasi nyingine.